Meno ya Tembo Yanapobadili Mikono: Pale Kesi za Ujangili Zinapofia

Mtu anakamatwa usiku na meno mawili ya tembo ndani ya kiroba, mbele ya mashahidi, anafungwa, na miaka kadhaa baadaye anatoka gerezani kwa amri ya Mahakama ya Rufani. Wanaosoma habari hiyo hukimbilia kusema hakimu kala rushwa. Rushwa ipo, hatuikatai. Lakini ukizisoma hukumu zenyewe unakuta sababu kavu zaidi: karatasi ilijazwa na asiyestahili kuijaza, au kielelezo kilitoka kwa mhifadhi kikaingia polisi na hakuna aliyeandika saa. Kesi nyingi za nyara hufia kwenye makabidhiano, pale chombo kimoja kinapokipa kingine kazi.

Hesabu mikono yenyewe kwa Tanzania Bara. Porini wapo TANAPA kwenye hifadhi za taifa, Mamlaka ya Ngorongoro kwenye eneo lake, TAWA (iliyoanza kazi mwaka 2016) kwenye mapori ya akiba na mapori tengefu, TFS kwenye misitu, na askari wa wanyamapori wa vijiji kwenye Jumuiya za Hifadhi. Akikamatwa mtu, kazi inaingia polisi. Jalada linakwenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Sampuli zinaweza kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Mzigo ukiwa njiani kutoka nchini, wanaingia forodha ya TRA, mamlaka ya bandari na wakala wa meli. Fedha zikifuatiliwa, kuna kitengo cha udhibiti wa fedha haramu na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Kila kimoja kina bosi wake, bajeti yake na ripoti yake ya robo mwaka, na kila kimoja kingependa ukamataji uandikwe kwa jina lake.

Nchi ilishajaribu kuwaweka wote chini ya amri moja kwa nguvu. Oktoba 2013 Operesheni Tokomeza iliunganisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Haikufika mbali, ilisitishwa mwanzoni mwa Novemba baada ya malalamiko ya watu kuteswa, mali kuporwa na mifugo kupigwa risasi, na ripoti ya kamati ya Bunge ikawaondoa mawaziri wanne Desemba ileile. Silaha na magari vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kujibu swali dogo: huyu aliyekamatwa na kikosi hiki cha mchanganyiko, nani anamhoji, nani anaandika, nani anatunza mali zake? Wakati huohuo tembo walikuwa wanakwisha. Makadirio yalishuka kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014.

Kilichozaa matunda baadaye kilikuwa kidogo na kimya zaidi: kikosi kazi cha taifa na kitengo cha upelelezi wa makosa makubwa na yanayovuka mipaka, kikichanganya wapelelezi wa vyombo mbalimbali waliokaa na jalada moja kwa miezi. Hicho ndicho kilichomfuatilia kwa zaidi ya mwaka mfanyabiashara raia wa China aliyebandikwa jina la Malkia wa Meno ya Tembo, kikamkamata mwaka 2015, na Mahakama ya Kisutu ikamhukumu miaka 15 Februari 2019.

Tuanze porini, maana huko ndiko makosa yasiyorekebishika hufanyika.

Doria ikikuta mzoga wenye uso uliokatwa, askari wa kwanza kufika asiguse kitu. Amwite kiongozi, eneo lizungushiwe alama pana kuliko inavyoonekana kuhitajika, na ichaguliwe njia moja tu ya kuingilia na kutokea. Picha zipigwe kwa hatua tatu: kutoka mbali ikionekana miti au kilima, kutoka katikati, kisha karibu na rula pembeni ya kitu. Ganda la risasi huokotwa kwa glovu au kibanio, likawekwa kwenye bahasha yake peke yake, kwa sababu litapelekwa kwa wataalamu wa silaha wa polisi kulinganishwa na bunduki itakayokamatwa kesho wilaya nyingine. Kisu chenye damu, kamba na nguo vikae kwenye mifuko ya karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, damu inaoza, vinasaba vinaharibika. Risasi iliyomo ndani ya mzoga hutafutwa kwa kifaa cha kutambua chuma. Kuipasua nyama kwa panga ukiitafuta kunaongeza mikwaruzo ambayo mtaalamu atashindwa kuitofautisha na ile ya mtutu.

Swali la kukubaliana kabla, ofisini, siyo siku ya tukio: mpelelezi wa polisi akiwa kilomita 200 mbali, anasubiriwa saa ngapi? Mzoga jua likiwaka haungoji, na fisi hawajui utaratibu. Waraka mzuri wa ushirikiano unataja namba ya simu ya mpelelezi wa zamu, muda wa kumsubiri, na kwamba muda ukipita, askari mmoja aliyefunzwa anakusanya vielelezo huku akiandika kila hatua. Waraka mbaya unasema vyombo “vitashirikiana kwa karibu”.

Halafu kuna GPS. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS mkononi huja imewekwa WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo kwa eneo letu ni kama mita 300. Katikati ya pori kubwa si kitu. Kwenye mpaka wa hifadhi na kijiji, mita 300 zinamtoa mtuhumiwa ndani ya hifadhi na kumrudisha shambani kwake, na mwendesha mashtaka anatakiwa kuthibitisha kwamba alikamatwa ndani. Kikosi cha TANAPA kikiandika kwa mfumo mmoja na polisi wakachora ramani ya tukio kwa mwingine, wakili wa utetezi hahitaji kufanya kazi kubwa. Dawa yake ni rahisi: pande zote ziandike kwa WGS84, na jina la mfumo liandikwe kwenye fomu pamoja na namba.

Ukamataji nyumbani una mtego wake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inawapa maofisa walioidhinishwa uwezo wa kupekua, lakini nyumba ya kuishi bila hati inahitaji walau shahidi mmoja huru. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye huitwa kwa kawaida, na kosa linalojirudia ni kumwita mali ikiwa imeshatolewa nje. Shahidi huyo anapoulizwa mahakamani “uliona yakitolewa wapi?”, anajibu ukweli: aliyakuta uani. Aje kwanza, askari wakaguliwe mbele yake na mbele ya mwenye nyumba kabla hawajaingia, kisha hati ya ukamataji mali ijazwe palepale, ikiwa na sahihi za mtuhumiwa, shahidi na mkamataji. Kila jino liandikwe kwa urefu wake kufuata mkunjo wa nje, mzingo wa shina, uzito, na kovu au ufa wowote ulioonekana. “Meno mawili ya tembo” peke yake haitoshi. Chumba cha vielelezo kina meno mengine mawili, na manne pembeni yake.

Saa nazo zinahesabiwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za kumhoji mtu tangu aliposhikiliwa, labda ziongezwe kisheria. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi, lakini lazima uonekane kwamba ulikuwa wa kusafirisha kweli. Doria inayomkamata mtu saa 10 usiku, ikaendelea na doria naye hadi kesho yake jioni, kisha ikamfikisha kituoni, imeshalitia doa ungamo kabla halijaandikwa. Gari likipasua tairi, andika. Mto ukijaa, andika. Na maelezo ya onyo, yaani anayoyatoa mtuhumiwa baada ya kuonywa kuhusu haki zake, wayachukue polisi. Ungamo lililoandikwa kambini na askari mwenye hamu ya kumaliza kesi ni zawadi kwa upande wa utetezi.

Sasa makabidhiano yenyewe. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kielelezo kinahitaji njia ya maandishi inayoonyesha kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa, kilivyochunguzwa na kilivyofikishwa mahakamani. Baadaye, katika rufaa namba 485 ya 2015, ilikubali kwamba kwa kitu kisichobadilishwa kirahisi, ushahidi wa mdomo unaweza kuziba pengo la karatasi. Mawakili wa Serikali huutumia sana uamuzi huo wa pili kwa meno ya tembo. Kwa maoni yetu umewafanya baadhi ya wapelelezi kuwa wavivu. Ni kinga ya dharura, na haina uhakika pale shahidi wa mdomo alipoacha kazi au kufariki.

Njia isiyo na maumivu ni kuteua mtunza vielelezo mmoja tangu dakika ya kwanza. Mtu huyohuyo anapokea meno eneo la tukio, anayabeba, analala nayo kambini kwenye sanduku lenye kufuli, anayafikisha kituoni na kumkabidhi mtunza vielelezo wa polisi kwa jina, cheo, tarehe, saa na sahihi mbili. Kila mkono unaoongezeka ni shahidi wa kuongeza, na kila shahidi ni nauli, posho na siku ya mahakama inayoweza kuahirishwa. Tumeona majalada ambayo meno yalipita kwa dereva, kamanda wa doria, mkuu wa kambi na mhasibu mwenye funguo za stoo, na kati ya hao wawili tu ndio waliotajwa kwenye maelezo.

Kituoni lebo ya PF 145 inafungwa kwenye kielelezo na kuingizwa kwenye rejesta ya PF 16. Namba ya jalada kwenye lebo, kwenye hati ya ukamataji na kwenye fomu ya mhifadhi iwe ileile. Uzito pia. Meno mabichi hupungua uzito yakikauka, kwa hiyo jino lililokuwa kilo 8.4 porini linaweza kusoma pungufu miezi kadhaa baadaye. Yasipopimwa na kuandikwa kila yanapokabidhiwa, tofauti hiyo inaonekana kama jino lingine. Mizani nayo itajwe. Ya samaki na ya maabara hazikubaliani.

Nyamapori ni balaa zaidi, kwa sababu haingoji kesi. Polisi huomba amri ya kuiteketeza kwa fomu ya inventori, yaani orodha ya mali inayoharibika ambayo hakimu huisaini, na hapo kesi nyingi za nyumbu na pundamilia zimeharibika. Katika rufaa ya jinai namba 385 ya 2017, Mahakama ya Rufani ilisema mtuhumiwa ana haki ya kuwepo mbele ya hakimu na kusikilizwa kabla amri haijatolewa. Dole gumba lake kwenye fomu halitoshi. Kwa hiyo mtuhumiwa na nyama wafike kwa hakimu pamoja, hakimu aandike kwamba alimuuliza na alijibu nini, na picha zipigwe kabla ya kuzika au kuchoma. Ugumu ni kwamba nyama iko kwenye gari la hifadhi, mtuhumiwa yuko mahabusu ya polisi, na hakimu yuko kwenye kesi nyingine. Usipokuwepo makubaliano ya nani anapiga simu mahakamani asubuhi, nyama inazikwa jioni na fomu inapelekwa kesho ikasainiwe.

Ofisa anayeitambua nyara naye asiseme tu “ni nyama ya nyumbu”. Aeleze kaijuaje: ngozi, kwato, manyoya ya mkia, pembe. Nyama iliyokaushwa isiyo na ngozi haitambuliki kwa macho, hiyo iende maabara. Hati ya thamani hufuata kanuni za mwaka 2012, na thamani huhesabiwa kwa mnyama aliyeuawa, siyo kwa kilo: tembo mmoja huandikwa dola 15,000 za Marekani. Hapo vipande vinaleta utata. Vipande vitano vinaweza kuwa vya tembo mmoja au watatu, na anayeandika watatu lazima aonyeshe kavihesabu vipi, kwa unene, rangi na mikato inayokutana. Anayesaini awe na cheo kinachotajwa na sheria, yaani Mkurugenzi wa Wanyamapori au ofisa kuanzia ngazi ya ofisa wanyamapori. Askari mzoefu wa miaka 20 anaweza kulijua jino kuliko wote, lakini sahihi yake haimsaidii mwendesha mashtaka.

Karatasi mbili za mwisho ni za Mkurugenzi wa Mashtaka. Makosa ya nyara yamo kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ambayo kwa kawaida yake huyapeleka Mahakama Kuu. Ili Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi iyasikilize, inahitaji hati ya idhini ya kushtaki na hati ya kuipa mamlaka. Idhini iliyosainiwa na wakili mwandamizi mkoani itaje kifungu cha 26(2) kinachomruhusu, siyo 26(1) ambacho ni cha Mkurugenzi mwenyewe. Hati ya mamlaka itaje 12(3) ikiwa makosa yote ni ya uhujumu, 12(4) ikiwa yamechanganyika na makosa ya kawaida. Hizi ni namba tu, lakini zimebatilisha mienendo mizima, mashahidi kumi na hukumu juu yake. Chanzo huwa ni cha kibinadamu: polisi wanaongeza kosa dakika za mwisho, hati zimeshachapwa, na hakuna anayemwambia wakili. Ofisi zilizoipunguza shida hii hufanya jambo moja. Jalada linapelekwa kwa wakili wa Serikali ndani ya siku mbili tatu za kwanza, naye anatoa maelekezo ya upelelezi angali ana muda wa kuyatimiza.

Taarifa za siri zina ugonjwa mwingine. Mtoa taarifa mmoja anaweza kuuza habari ileile kwa Kikosi Dhidi Ujangili, kwa polisi na kwa hifadhi, akalipwa mara tatu. Hiyo ni hasara ndogo. Kubwa ni pale wanunuzi bandia wa chombo kimoja wanapokutana gizani na wauzaji bandia wa kingine, wote wana silaha. Kinga yake ni rejesta moja ya pamoja inayojibu swali moja tu: kuna anayeifanyia kazi namba hii ya simu au gari hili? Jibu ni ndiyo au hapana, na jina la ofisa wa kuongea naye; yaliyomo yanabaki kwa mwenyewe. Mtoa taarifa apewe namba ya siri, na malipo yasitegemee idadi ya waliokamatwa peke yake. Anayelipwa kwa kichwa hatakosa vichwa, hata kama meno ameyatega mwenyewe.

Bandarini hakuna pori wala nyayo, kuna makaratasi. Novemba 2013 kontena lenye zaidi ya tani 2.9 za meno ya tembo lilinaswa Zanzibar, meno yakiwa yamefichwa kwenye makombe ya baharini, siku chache baada ya meno 706 kukutwa kwenye nyumba moja Mikocheni, Dar es Salaam. Sheria Na. 5 ya 2009 ni ya Tanzania Bara tu, na wasafirishaji walilijua hilo kuliko wengi wetu. Mwaka 2015 mzigo ulioandikwa majani ya chai kutoka Mombasa ulinaswa Thailand ukiwa na tani kama 3 za meno, ukielekea Laos; mwezi uliofuata Singapore ikanasa tani 3.7 kwenye shehena nyingine ya chai kutoka Kenya. Hakuna skana inayohitajika ili kujiuliza Laos imeanza lini kuagiza chai kwa njia hiyo.

Ofisa wa forodha anatafuta mseto wa dalili: kampuni iliyosajiliwa mwezi uliopita, bidhaa ya bei ndogo isiyolipia hata nauli ya meli, mpokeaji ambaye ni wakala tu, hati ya shehena ambayo bandari yake ya mwisho imebadilishwa baada ya meli kuondoka, malipo taslimu. Tangu 1 Julai 2016 kila kontena linatakiwa kupimwa uzito kabla ya kupakiwa, kwa hiyo uzito uliotangazwa forodhani unaweza kulinganishwa na ule wa kwenye meli. Lakini forodha inajua bidhaa na mhifadhi anajua nyara, na wasipokaa chumba kimoja, kila mmoja anaona nusu. Ndiyo maana vitengo vya pamoja vya kuchagua makontena vinafanya kazi vizuri kuliko barua za kuombana msaada, ambazo hujibiwa meli ikiwa imeshavuka Bahari ya Hindi.

Mzigo ukinaswa nje, upelelezi haujaisha. Nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zimekubaliana kwamba nyara za meno zenye kilo 500 au zaidi zichukuliwe sampuli za vinasaba ndani ya siku 90. Timu ya Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington ilionyesha mwaka 2018 faida yake: meno mawili ya tembo yuleyule yalikutwa kwenye makontena tofauti yaliyopita bandari moja kwa vipindi vilivyokaribiana, na kwa njia hiyo mizigo iliyodhaniwa haina uhusiano ikaunganishwa na mitandao iliyotumia Mombasa, Entebbe na Lomé. Vipimo hivyo havina maana nchi iliyonasa ikifungia meno kwenye ghala na kungoja picha za waandishi wa habari.

Kwa kuvuka mipaka yetu wenyewe, chombo cha karibu ni Mkataba wa Lusaka wa 1994 na kikosi kazi chake kilichoko Nairobi tangu 1999, chenye maofisa walioazimwa kutoka nchi wanachama, Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zikiwemo. Ofisa wa Interpol anaweza kupata jibu la jina au pasipoti ndani ya siku moja. Jibu hilo ni taarifa, si ushahidi. Kulipeleka mahakamani kunahitaji maombi rasmi ya msaada wa kisheria kati ya Serikali mbili, na hayo huchukua miezi. Kenya ilijionea: mtuhumiwa wa tani zaidi ya mbili zilizonaswa Mombasa Juni 2014 alikamatwa Dar es Salaam Desemba ileile, ushirikiano ukasifiwa kila mahali, akafungwa miaka 20 mwaka 2016. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia, ikiona ushahidi haukumuunganisha ipasavyo na meno yale. Maombi rasmi yaanze kuandikwa siku taarifa ya kwanza ilipopokelewa, yakitaja hasa kinachotakiwa: rekodi za simu za namba fulani kuanzia tarehe fulani, na kiapo cha anayezitoa.

Baada ya hukumu, stoo isiguswe. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 10 na sababu za rufaa ni siku 45, na bado kuna Mahakama ya Rufani juu yake. Kesi ikirudishwa kusikilizwa upya, meno yatahitajika, na aliyeyabeba usiku ule pia. Huenda amehamishwa kutoka Ruaha kwenda Burigi, amebadili laini ya simu, au amestaafu. Orodha ya mashahidi yenye namba ya ajira, kituo cha sasa na simu ya ndugu mmoja ikae kwenye jalada la polisi na nakala yake hifadhini, na ofisa utumishi wa hifadhi aihuishe kila anaposaini barua ya uhamisho.